Chungu cha Nyumba ya Mansuetus

2 Novemba 1997, Jumapili

Leo ni siku ya Marehemu Wote. Kanisani yalisomwa majina ya waliokufa mwaka huu, kigango baada ya kigango, na kila jina lilipotajwa ndugu zake waliinamisha vichwa. Jina la kaka yangu Mansuetus halikusomwa. Nilijua halitasomwa, hata hivyo nilisubiri mpaka katekista alipokunja karatasi.

Kaka alikufa mwezi wa nane, katikati ya mavuno ya kahawa, ndani ya ghala la zamani la chama cha ushirika kijijini kwetu, huko juu ng'ambo ya Maguu. Kosa lake ni kuuliza mkutanoni kwa nini dawa za kahawa zilizoletwa kwa ajili ya wakulima zinaonekana zikiuzwa madukani mjini. Augustino, Mtendaji wa Kata, aliamuru afungiwe ghalani mpaka asubuhi. Asubuhi alitolewa maiti. Wanasema alikunywa dawa ya kahawa kwa hiari yake, chupa ilikutwa kando yake, na ndivyo cheti kinavyosema. Kwa sababu hiyo alizikwa bila padri, bila kengele, pembeni, mbali na makaburi ya wenzake.

Baba amepeleka malalamiko. Anataka serikali imwambie mwanawe alikufaje. Mama anataka kitu kidogo kuliko hicho, au kikubwa zaidi, sijui. Anataka jina lisomwe.

Malalamiko yameletwa kwenye ofisi ninayofanyia kazi hapa Mbinga. Sitaandika ni ofisi ipi. Mimi ni karani tu, nilisoma seminari mpaka kidato cha sita, na kazi hii niliipata kwa shida.

5 Novemba

Baba amekuja. Alishuka na lori la mahindi, akakaa kwenye benchi la nje ya ofisi, amevaa lile koti lake la harusi na ubatizo. Nilipita mbele yake nimekumbatia mafaili. Nilisema "Shikamoo" kwa sauti ya kumwamkia mzee yeyote asiyenihusu. Akaitikia vilevile, kama mtu asiyenijua. Nadhani alitaka kunisaidia. Bwana Elias, mkuu wetu, alikwisha kunionya kwamba karani hachanganyi ndugu na kazi, hasa sasa ambapo orodha ya watumishi wa kupunguzwa inaandaliwa.

Baba aliambiwa suala lake linashughulikiwa. Alishukuru, akaondoka.

11 Novemba

Mvua ya kwanza. Redioni wanasema mwaka huu itapita kiasi, na wameipa jina, El Nino. Gertruda, mchapaji wetu, anasema hilo ni jina la mchezaji wa mpira, tena winga.

19 Novemba

Baba benchini. Linashughulikiwa.

26 Novemba

Baba benchini, amelowa. Gertruda alimpa chai katika kikombe chake mwenyewe. Mimi sikumpa kitu. Linashughulikiwa.

3 Desemba

Baba hakuja, lori limekwama njiani. Nilishukuru kutomwona, kisha nikakosa raha mpaka jioni.

10 Desemba

Bwana Elias aliniita chumbani kwake akaniambia nifunge mlango. Akaniuliza habari za nyumbani kwa Kimatengo. Yeye ni mtu wa kwetu, lakini ofisini hajawahi kusema nami Kimatengo. Alisema Baba ni mzee wa kuheshimika na inasikitisha kumwona akilowa pale nje. Kisha akasema orodha ya kupunguzwa bado iko mezani kwake. Hakusema mambo hayo mawili yanahusiana. Aliyaweka jirani tu, akaniruhusu niende.

26 Desemba, nyumbani

Nimekuja kwa Noeli. Kutoka Maguu nilitembea kwa miguu, viatu nimevifunga shingoni. Mahindi yameshika vizuri kwenye ngolo, yale mashimo ya kilimo cha kwetu. Ukisimama mlimani unaona mashimo yote yamejaa maji, safu kwa safu, na mahindi yamesimama kwenye kingo zake. Shamba la Mansuetus nalo limeota. Nyasi za ngolo zile alizilaza mwenyewe mwezi wa tatu, mistari imenyooka kama imepigwa kwa kamba, na mkewe Hildegardi akachimba na kufukia udongo juu yake. Nililitazama kwa haraka nikapita.

Jana jioni tulikula sengu kwa Baba Mkubwa. Koo nyingi zimeacha, sisi bado tunakula. Kila nyumba ya ukoo huleta chungu chake, wanaume tunakula pamoja, na maneno hufuata mikono ikishaoshwa. Waliogombana hupatanishwa hapohapo. Wakishachovya pamoja, ugomvi umekufa, na anayeufufua anajitia aibu yeye na watoto wake. Hildegardi bado analeta chungu cha nyumba ya Mansuetus, ingawa nyumba hiyo haina tena mwanamume wa kukaa nasi. Anakiweka, anaondoka. Jana hakuna aliyekigusa mpaka Baba alipokianza.

Baba Mkubwa aliniuliza, kwa kuwa mimi niko serikalini, wamefikia wapi. Nikasikia mdomo wangu ukisema linashughulikiwa.

"Hata ng'ombe wa harusi hashughulikiwi muda wote huo," alisema Baba Mkubwa. Watu wakacheka. Baba hakucheka.

Leo asubuhi Hildegardi amenifuata kisimani. Amesikia kwamba Isidori, yule mgambo aliyelinda ghala, ameacha kazi na kukimbilia ziwani kwa wajomba zake. Anataka kwenda kumwona, na anataka niende naye kwa sababu mtu wa ofisi hatafukuzwa. Nilimwambia nitaangalia ruhusa. "Angalia, shemeji," alisema. "Wewe unaangalia vizuri." Sijui kama alinisifu.

3 Januari 1998

Mwenye nyumba wangu, Bi Biubwa, anafunga. Wazee wake walitoka Kilwa na biashara ya nguo, yeye amebaki na biashara ya vitumbua. Jioni amenigongea mlango na sahani. "Karani, njoo ufuturu na wewe, ingawa mchana ulikula." Nikamwambia hali ya nyumbani kidogo. Akasema kwao aliyekufa husomewa hitima hata kama alikufa kwa kuanguka mnazi akiwa amelewa, na hesabu zingine anaachiwa Mwenyezi Mungu.

18 Januari, Jumapili

Bwana Elias alinialika kwake baada ya misa. Karani haalikwi na mkuu wake, kwa hiyo nilivaa shati jeupe na kwenda kama niitwaye mahakamani. Mkewe alinipokea vizuri. Palikuwa na kuku, maharage na ugali mweupe. Tulikwisha kunawa na nilikuwa nimeshamega tonge la kwanza pale hodi ilipopigwa. Akaingia Augustino, Mtendaji.

Sikuwa nimemwona tangu msiba. Amenenepa. Alinipa pole, akaniita mdogo wangu, akanawa kwenye beseni lilelile, akakaa mkabala nami. Bwana Elias akasogeza ugali katikati yetu.

Ningeweza kusimama. Ningeweza kusema tumbo linauma. Nilifikiria orodha. Nilifikiria pia kwamba ni utovu wa adabu kuacha chakula cha watu, kwetu mtoto huchapwa kwa hilo. Nikamega. Naye akamega. Tulichovya katika bakuli moja la mchuzi, na Bwana Elias akawa anatutazama kama mlezi anavyotazama watoto wa komunyo ya kwanza.

"Unaona," aliniambia, "sisi ni watu wa sengu."

Nilidhani anatania. Augustino alicheka, nami nikacheka kidogo.

20 Januari

Sijaenda kazini, natapika. Bi Biubwa amenipikia uji wa tangawizi. Aliniuliza nilikula wapi, nikamwambia. Akatikisa kichwa. "Chakula cha mkubwa kina mfupa, mwanangu. Unapita kooni vizuri, unakwama baadaye."

21 Januari

Leo Baba hakukaa benchini. Bwana Elias mwenyewe alitoka kumkaribisha ndani, akampa kiti, akamwambia jibu liko karibu. Baba alipotoka alinitazama kwa furaha ambayo sijaiona usoni mwake tangu mwezi wa nane. Sikumwambia nilikula na nani.

31 Januari, ziwani

Tumetumia sikukuu ya Iddi. Ruhusa sikuomba, niliogopa kuulizwa ninakwenda wapi. Lori lilituteremsha mpaka pale barabara ilipokatwa na maji, tukamaliza kwa miguu. Hildegardi alitangulia muda wote. Milimani tuliacha baridi na ukungu, huku chini ni joto na harufu ya samaki. Ni kijiji kidogo upande wa Mbamba Bay. Watu wanasema Kinyasa, nami nilishika maneno machache, lakini walimwonea huruma Hildegardi kwa kitambaa chake cheusi wakatuonyesha njia.

Tulimkuta Isidori akianika usipa, dagaa wa huku ziwani, juu ya vichanja pamoja na shangazi zake. Alipotuona aliacha ungo. Hakukimbia. Alimwamkia Hildegardi "Shikamoo," yeye mtu mzima, kwa mwanamke mdogo kwake. Hildegardi hakuitikia.

Tulikaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Nilikuwa nimeandaa maswali njiani, kwa mpangilio. Hakuna nililouliza kwa mpangilio.

"Alipoingia alikuwa mzima?" aliuliza Hildegardi.

"Mzima kama wewe, mama."

Isidori alitazama ziwa alipokuwa akisema. Mapipa ya dawa yaliyobaki ghalani yalikuwa yanavuja tangu zamani. Hata mchana ukikaa humo muda mfupi kichwa kinauma na macho yanatoka machozi. Madirisha yalikuwa yamepigiwa mabati kwa sababu ya wezi. Mtendaji alijua yote hayo.

"Alisema, 'Si anazitafuta dawa? Alale nazo.' Tukacheka. Na mimi nilicheka."

"Ufunguo alikuwa nao nani?" Hilo niliuliza mimi.

"Mimi."

Shangazi mmoja alipita na ungo, akatutazama, akaenda zake.

"Aligonga," alisema Isidori. "Kwanza kwa ngumi. Halafu kwa kiganja. Aliomba maji. Baadaye akasema, 'Isidori, nifungulie nipumue kidogo, nitarudi mwenyewe ndani, utafunga.' Nilikuwa na mtoto mchanga, mama. Nikamwambia Mtendaji amekataza. Akasema, 'Basi, haya.' Hakugonga tena. Nikadhani amelala."

"Na ile chupa?"

"Chupa niliiona asubuhi, Mtendaji alipokwisha kutangulia kuingia. Jioni haikuwapo."

Nilimwambia aje aseme hayo huko juu. Alisema akipanda huko hatashuka tena, na kwamba mimi mwenyewe naelewa, maana nimekaa kwenye mtumbwi huu muda wote nikigeuka nyuma kuona nani anasikia. Ilikuwa kweli.

Hildegardi aliomba maji. Isidori akakimbia kuyaleta katika kikombe cha bati. Alikipokea kwa mikono miwili. Hakunywa. Aliyamwaga mchangani, taratibu, mpaka yakaisha, akamrudishia kikombe.

2 Februari

Nimerudi kazini. Hakuna aliyeniuliza nilikuwa wapi. Hilo linanitisha kuliko kuulizwa. Nikisikia hatua koridoni najiona nikisema kila kitu kabla sijaguswa.

Najua sasa kaka alikufaje. Ninaijua sauti yake ya mwisho. "Basi, haya." Ndivyo alivyokuwa akisema hata nikimshinda bao.

4 Februari

Mvua.

9 Februari

Mvua. Daraja la chini limekwenda. Gertruda anasema winga amefunga goli.

16 Februari, Jumatatu

Jibu limetoka. Bwana Elias aliniita akanikabidhi bahasha. "Mpe mzee wako mwenyewe," alisema. "Ni heri habari njema itoke mkononi mwako." Baba alikuwa benchini. Alikuja kwa miguu, koti lina matope mpaka kifuani. Alifungua bahasha kwa uangalifu ili asiichane, akageuza karatasi huku na huku, kisha akanipa. Macho yake hayasomi tena maandishi ya mashine.

"Nisomee, Florian."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita jina langu kwenye benchi lile. Watu wengine wawili watatu walikuwa wamekaa hapo, wakaacha mazungumzo yao wasikilize.

Nilisoma. Kwamba ofisi imepokea malalamiko na kuyafanyia kazi. Kwamba ofisi imeridhika kuwa pande mbili zimekwisha kupatana kwa mila na desturi za wenyeji, kwa kula pamoja mbele ya shahidi wa heshima. Kwamba kwa hiyo ofisi haioni sababu ya kuendelea, na inaipongeza familia kwa busara yake.

Kuhusu Mansuetus alivyokufa, hapakuwa na sentensi hata moja.

Baba aliomba nirudie pale pa kula. Nikarudia.

"Nani wa nyumba yetu amekula naye?"

Nilitazama mlango wa ofisi. Ulikuwa wazi. Gertruda aliacha kuchapa.

"Mimi, Baba. Kwa Bwana Elias. Sikujua kwamba atakuja."

"Alipokuja ulisimama?"

"Hapana."

Kisha akaniuliza kama chakula kilikuwa kizuri. Hakuuliza kwa kejeli. Nadhani hakujua aulize nini. Nikasema ndiyo, kilikuwa kizuri. Akaitikia kwa kichwa, akaikunja barua kwa mikunjo yake ileile, akaondoka kwenye mvua bila kufunga vifungo vya koti.

Bwana Elias anawajua watu wa kwetu. Mtu wa Dar es Salaam asingeweza kutuua kwa bakuli la mchuzi.

17 Februari

Nimemweleza Bi Biubwa yote. Aliendelea kugeuza vitumbua. Mwishoni akasema, "Sasa umeutoa mfupa. Nenda kwenu ukauonyeshe."

22 Februari, Jumapili, nyumbani

Habari zilikwisha kunitangulia. Mama aliitikia shikamoo yangu huku akipepeta mahindi, hakuinua uso. Jioni kwa Baba Mkubwa walikaa wote, na mimi nikawekwa peke yangu karibu na mlango, kama mgeni au mwizi.

Vyungu vililetwa kimoja kimoja. Baba Mkubwa alisema mapema kwamba leo maneno yanatangulia chakula. Akanitaka nisimulie, nikasimulia. Nikafika mpaka ziwani, mpaka ufunguo, mpaka maji. Baba alikuwa ameshika magoti yake kwa mikono miwili.

Baba Mkubwa alikohoa. Alisema ameumia, Mungu ni shahidi. Lakini mila haiangalii nani ameumia. Mtoto wa nyumba hii, mtu mzima mwenye akili na masomo, amechovya pamoja na Augustino. Hakulazimishwa kwa fimbo. Aliyechovya hana tena mdomo wa kushtaki, na nyumba yake haina. Wazee wengine walikubali kwa kuguna. Mmoja aliniuliza kwa sauti ya chini kama seminari walitufundisha kula tu.

Wakati huo Hildegardi aliingia na chungu chake. Kwa kawaida anakiweka na kutoka. Leo alisimama nacho mikononi, mvuke unamfukiza usoni.

"Shikamoo, Baba Mkubwa."

"Marahaba. Weka chungu, mwanangu, tuna maneno."

"Nakiweka. Naomba kuuliza tu. Siku ile kwa Bwana Elias, chungu cha nyumba ya Mansuetus kililetwa na nani?"

Mtu mmoja alisema wanawake hawasemi kwenye sengu. Baba Mkubwa akamnyamazisha kwa mkono.

"Hakikuletwa," alisema Baba Mkubwa.

"Cha Baba? Cha kwako wewe?"

"Hakikuletwa."

"Basi shemeji alikula mchana kwa watu," alisema Hildegardi. "Mbwa naye hula kwa watu. Sengu hakula."

Akakiweka chungu katikati ya vingine, akatoka.

Nilisikia mvua juu ya nyasi za paa. Baba Mkubwa alikaa akitazama kile chungu kana kwamba kimeandikwa. Wazee walianza kusemezana kwa Kimatengo cha zamani ambacho sikishiki chote, wakitaja watu waliokufa kabla sijazaliwa, nani alipatana na nani, vyungu vya nani vilikuwapo. Walibishana mpaka chakula kikapoa. Mwishowe Baba Mkubwa akageuka upande wangu wa mlangoni.

"Nawa mikono, Florian. Sogea."

Nilisogea. Baba alikivuta chungu cha nyumba ya Mansuetus mbele yangu. Sikumbuki ladha yake.

25 Februari, Jumatano ya Majivu

Baba na Baba Mkubwa walikwenda pamoja kumwambia Bwana Elias kwamba hakuna mapatano. Aliwasikiliza kwa adabu. Akasema faili limefungwa, na kama wana malalamiko mapya wayaanzie chini kwa utaratibu, yaani kwa Mtendaji wa Kata.

Kutoka hapo tulikwenda kwa Padri, mimi na Hildegardi tukiwa nao, bado tuna majivu kwenye paji la uso. Padri alisikiliza akiwa amefumba macho. Alisema Kanisa siku hizi halimfungii mlango hata aliyejiua kweli, ila katekista hakulisikia hilo, au hakutaka. Misa ataisoma. Lakini watu wote wa kigango wanasema Mansuetus alikunywa dawa, na misa peke yake haitawafumba midomo. Akauliza yupo mtu aliyelisikia neno kwa aliyekuwapo, ambaye atasimama mbele ya watu na kulisema kwa jina lake?

Hildegardi alikuwa tayari ameinuka. Padri akasema watasema mjane anamtetea mumewe.

Nikasema nitasema mimi. Nililisema huku natazama viatu vyangu.

14 Machi

Jumamosi. Nimemlazia Hildegardi nyasi za ngolo. Tangu nianze masomo sijafanya kazi hiyo, na mistari yangu imepinda vibaya. Alinifuata nyuma na jembe akifukia udongo. "Maji hayajui kusoma, shemeji," alisema. "Yatakaa tu." Ni mara ya kwanza kumsikia akitania tangu msiba.

23 Machi

Augustino amehamishwa kata nyingine, kwa cheo kilekile. Wamemfanyia sherehe ya kumuaga. Gertruda alichapa ratiba.

1 Aprili

Mvua zinapungua. Orodha bado haijabandikwa.

25 Aprili, Jumamosi

Misa ilisomwa kaburini. Walikuja watu wengi, wengine kutoka Maguu kwa miguu. Dereva wa lori alileta mfuko wa usipa, akasema ametumwa na mtu wa ziwani asiyetaka kutajwa. Hildegardi aliupokea, akaupeleka jikoni pamoja na vyakula vingine.

Baada ya Injili Padri alinipa ishara. Nilisimama kando ya msalaba mpya. Nilitaja jina langu, na jina la baba yangu, na ofisi ninayofanyia kazi. Nilieleza mapipa, madirisha, ufunguo, chupa ambayo jioni haikuwapo. Sikumtaja Isidori. Nilimtaja Augustino. Katikati mzee mmoja wa nyuma alisema, "Sema kwa nguvu, hatusikii," nikalazimika kurudi mwanzo na kusema yote tena kwa sauti ya juu, na mara ya pili ilikuwa rahisi kidogo.

Kisha katekista, yuleyule, akasoma: "Tumwombee marehemu Mansuetus." Mama alikuwa amesimama kwa kumshikilia Baba. Alipolisikia jina, alikaa chini kwenye majani mabichi, taratibu, kama mtu aliyetua mzigo lakini bado mgongo unauma.

Jinsi alivyokufa tunajua sisi, na kaburi linajua. Serikali haijasema, na sidhani kama itasema.

27 Aprili, Jumatatu

Mpaka saa sita hakuna aliyenisemesha isipokuwa Gertruda, aliyeniwekea kikombe cha chai juu ya meza bila neno.

Saa ya chakula Bwana Elias aliniita. Mkewe alikuwa ameleta hotpoti, na vifuniko vilikwisha kufunguliwa. Palikuwa na viti viwili na sahani moja ya ugali. Mezani, chini ya kiwiko chake, palikuwa na karatasi iliyogeuzwa kifudifudi, nadhani ile orodha.

"Nimesikia ulihubiri," alisema kwa Kimatengo. Hakuonekana kukasirika. Akanisogezea beseni la kunawia. "Karibu, kijana wangu. Tule kwanza, ndipo tuzungumze."

Maji yalikuwa ya moto, mvuke unapanda. Mikono yangu ilikwisha kuanza kwenda yenyewe. Niliirudisha nyuma nikaishikanisha mgongoni.

"Ahsante, Mzee," nilisema. "Kwetu bado hawajaleta chungu."

Alinielewa. Ni mtu wa kwetu. Akafunika hotpoti, kifuniko kimoja, halafu cha pili, akaivuta ile karatasi karibu naye.

Nilitoka, nikarudi kwenye meza yangu. Chai ya Gertruda ilikuwa imepoa. Nimeinywa yote, na sasa nakaa nikisikiliza koridoni, kama nitaitwa.